King'ora kwenye barabara ya Thika
Wimbi husafirisha nishati bila kuhamisha kitu kinachotetemeka. King'ora cha ambulensi inayotoka Ruiru kwenda Thika hutetemesha hewa, hewa hiyo ikasukuma ya mbele yake, kisha kila chembe hurudi mahali pake. Kinachofika sikioni ni mtetemo, kwa kasi ya karibu mita 340 kwa sekunde. Mlio wa mitetemo 340 kwa sekunde basi una urefu wa wimbi wa mita 1. Uzuri wenyewe uko hapa: ambulensi yenye mlio huo ikija kwa mita 34 kwa sekunde, mawimbi hubanana mbele yake, na aliyesimama kituoni husikia mitetemo karibu 378 kwa sekunde, na ikishapita, karibu 309. Dereva hasikii badiliko lolote. Christian Doppler alieleza mwenendo huu mwaka 1842.