Land Cruiser ya zamani ao ya sasa: ipi itafika Mweso wakati wa mvua?

Kwenye barabara inayotoka Sake kupanda Mushaki, kwenda Kitshanga mpaka Mweso, watoto wanatambua gari kwa sauti. Gari ingali nyuma ya kona, lakini wamekwisha kujua kama ni Fuso ya maharagwe, moto ya mtu anayerudi sokoni, ao Land Cruiser. Na wakubwa wao, wale wanaokaa karibu na garaji, wanaenda mbali zaidi: wanajua kama ni Land Cruiser yenye mashine ya zamani, ile inayonguruma chini chini bila haraka, ao ni hizi mpya zenye turbo zinazopiga filimbi kidogo zikipanda.

Huko Ulaya, Marekani na Japani, wapenzi wa magari wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Porsche ya miaka ya 70 na Porsche ya leo, ipi ni tamu zaidi kuendesha. Ni mazungumzo ya watu wenye barabara laini na siku ya mapumziko. Katika Kivu, mabishano kama hayo yapo pia, kati ya mashofa na mafundi, ila nyuma ya gari inayozungumziwa kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa, ao mtoto mwenye maji mwilini yaliyokwisha kwa sababu ya kolera. Ndiyo maana inafaa yasikilizwe na wale wanaonunua magari hayo, ambao mara nyingi wanakaa mbali na matope.

Historia ni ndefu kidogo. Toyota ilitengeneza gari ya kwanza ya ukoo huu mwaka 1951, na mwaka huohuo mwendeshaji wa majaribio akaipandisha kwenye mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja 1954. Kisha, 1960, ikatoka ile ambayo wazee wa Kivu wanaikumbuka zaidi, ya 40: pua fupi, macho mawili ya mviringo, mlango wa kufungwa kwa nguvu. Misheni zilikuwa nazo, na wenye mashamba ya kahawa pia. Ilitengenezwa zaidi ya miaka ishirini. Leo ya 40 iliyorekebishwa vizuri inauzwa Marekani kwa bei inayoweza kupita ya gari mpya, inalala ndani ya nyumba, inafutwa vumbi kwa kitambaa. Muzee aliyewahi kuisukuma kwenye matope akisikia hivyo anacheka tu.

Mwaka 1984 ikaja ya 70, na hapo ndipo habari yenyewe inaanza. Toyota iligawanya ukoo wake mara mbili. Upande mmoja ulikwenda kwenye starehe: ya 60, kisha ya 80, ya 100, ya 200, na tangu 2021 ya 300. Hizo ni gari za wakubwa, zenye viti vya ngozi na vioo vyeusi. Ya 300 ilitafutwa sana hata wauzaji wa Japani wakawaomba wateja watie sahihi kwamba hawataiuza nje ya nchi katika mwaka wa kwanza. Mtu aliyekimbia vita ataziona zikipita, basi. Hazimhusu sana.

Upande mwingine ulibaki na kazi. Ya 70 haikubadilika sana sura kwa miaka arobaini, na kitu kilichoifanya ipendwe ni mashine iliyowekwa ndani yake tangu 1990, inayoitwa 1HZ: piston sita, lita 4.2, mazutu, bila turbo. Nguvu yake si ya kujisifia, karibu farasi 130 kwa gari inayopakia watu kumi na mizigo yao. Lakini fundi anaipenda kwa sababu anaweza kuielewa kwa macho na mikono. Pampu ya mazutu inazungushwa na mashine yenyewe. Inasukuma mazutu kwenye mirija sita, kila mrija kwenye pua yake, na hakuna kompyuta inayoamua kiasi. Moshi ukiwa mweusi, fundi anajua aanzie wapi. Ikiwa piston moja haifanyi kazi, analegeza nati za mirija moja baada ya nyingine, anasikiliza, na baada ya dakika chache anajua ni ipi. Hahitaji umeme wala ruhusa ya mtu wa Goma.

Tena mazutu. Katika vijiji vingi haitoki kwenye pompi safi ya kituo. Inatoka kwenye bidon, imepita kwenye pipa, imemiminwa kwa mpira wa mkono, na mvua imekuwa ikinyesha tangu asubuhi. Mashine ya zamani inavumilia uchafu kwa kiasi. Inakohoa, inatoa moshi, fundi anamwaga maji kwenye chujio, safari inaendelea. Mashine mpya haina uvumilivu huo. Inasukuma mazutu kwa nguvu inayopita mara elfu mbili ya ile ya hewa inayotuzunguka, kupitia matundu membamba sana. Tone la maji ao punje ya mchanga inaharibu pua moja, na bei ya pua hiyo inaweza kumaliza pesa ambazo kituo cha afya kiliziweka kwa matengenezo ya miezi.

Mashine hiyo mpya ni ya lita 2.8, piston nne, yenye turbo. Toyota iliiweka kwenye ya 70 tangu 2023, na katika masoko kama Japani na Australia ilianza na gia za otomati. Kwa haki, lazima isemwe kwamba ni mashine nzuri. Nguvu yake ni farasi 204, na nguvu ya kuvuta ni karibu mara mbili ya ile ya zamani: 500 kwa 285, kwa kipimo wanachotumia wahandisi. Inapanda mlima wa Mushaki bila kulia. Inakunywa mazutu kidogo kwa kazi ileile, na hilo si jambo dogo pale ambapo bei ya lita moja inapanda kila barabara inapofungwa. Moshi wake hauwachomi macho wale wanaotembea pembeni. Na gari zake zinakuja na breki zinazojizuia kuteleza, pamoja na mifuko ya hewa ya kuwalinda walioketi mbele.

Hapa wapenzi wa ya zamani wanapaswa kunyamaza kidogo. Wanaisifu kana kwamba haijaua mtu. Ya 70 ni ndefu kwenda juu, na ikipakiwa juu ya paa, kwenye kona yenye utelezi, inalala ubavu. Mabenchi yake ya nyuma yanatazamana, na nyingi za zamani hazina mikanda huko nyuma. Mtu aliyevunjika mguu, akilazwa kati ya mabenchi hayo kutoka Kalembe mpaka Mweso, anasikia kila jiwe. Zile za kabla ya 1999 zilikuwa na springi za vyuma bapa hata mbele. Fundi wa chuma wa kijijini alizipenda kwa sababu aliweza kuzichoma na kuzinyoosha, lakini mgonjwa hakuulizwa. Tangu mwaka huo mbele waliweka springi za mviringo, na tofauti inasikika mgongoni.

Hata 1HZ yenyewe ina ugonjwa wake. Ndani kuna mkanda wa mpira unaozungusha pampu na vali. Mkanda huo una umri wake, na fundi mwaminifu anaubadilisha baada ya kilometa laki moja ao kidogo zaidi. Ukikatika kwenye mlima, mashine inakufa palepale, na inaweza kujivunja ndani. Magari mengi yanayosemwa kuwa yalikufa kwa uzee yalikufa kwa mkanda ambao mtu fulani ofisini aliona ungengoja mwaka ujao.

Basi, je, ya zamani ndiyo bora? Jibu la haraka ni hapana. Jibu linalofaa kwa Mweso, Pinga, Walikale ao milima ya Fizi ni kwamba gari haipimwi siku inaponunuliwa. Inapimwa siku inaposimama. Ya zamani ikisimama, mtu wa kuifufua yuko umbali wa saa mbili kwa moto, na piesi zake, za kweli ao za kuiga, zimejaa sokoni, hata zile zilizotolewa kwenye gari zilizokwisha kufa. Ya sasa ikisimama kwa sababu taa ya manjano imewaka kwenye dashibodi, kinachotakiwa ni kompyuta ya kuisoma, na mtu aliyefundishwa kusoma kile inachosema. Vitu hivyo vipo mjini. Na barabara ya kwenda mjini inaweza kuwa imefungwa kwa sababu ambazo kila familia iliyokimbia inazijua vizuri kuliko mwandishi yeyote.

Hapo ndipo lawama inafaa kuelekezwa, na si kwa gari. Mashirika na serikali wanapoleta gari ya mashine mpya kwenye zoni ya afya, sherehe inafanywa, funguo zinapokelewa, picha zinapigwa. Mara chache sana mtu anauliza: fundi wa hapa amefundishwa? Kompyuta ya kupimia iko wapi? Machujio ya mazutu ya mwaka mzima yamekuja katika sanduku gani? Vitu hivyo vyote pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya gari. Bila hivyo, gari yenye farasi 204 inaweza kukaa chini ya mti wa avoka nyuma ya hospitali, kuku wakitaga chini yake, na mgonjwa anarudi kwenye kipoyi, mabegani mwa wanaume wanne, kama siku za babu zake.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba inawezekana kufikiri vizuri. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilikubali rasmi Land Cruiser ya 78, ile ndefu ya ukoo wa 70, iliyowekwa frigo ya kubebea chanjo: lita 396, yenye betri yake inayoendelea saa 16 bila mashine kuwaka. Ilikuwa gari ya kwanza ya frigo kupewa kibali hicho. Waliotengeneza hawakuanza na gari ya kifahari. Walichukua ile ambayo tayari inafika, wakaongeza kile kilichokosekana.

Familia zilizokimbia zina jambo lingine la kusema juu ya gari hii, na si la sifa. Sifa zilezile zinazompendeza daktari zinampendeza mwenye bunduki. Mwaka 1987, vita kati ya Chad na Libya vilipewa jina la Toyota, kwa sababu askari wa Chad walipigana juu ya pikapu hizo na kuvishinda vifaru. Katika Kivu hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtoto mmoja akisikia ile sauti ya chini anakimbilia barabarani kutazama, mwingine anakimbilia shambani. Gari ni ileile, rangi tu na waliomo ndio tofauti. Mwenye kuleta gari kwenye kijiji asisahau hilo, na shofa apunguze mwendo anapopita penye watu.

Lakini kosa kubwa zaidi la Land Cruiser, ya zamani na ya sasa, ni kwamba inafika. Mkubwa anapanda ndani yake, anapita kwenye shimo ambalo Fuso imelala siku tatu ikiwa na maharagwe yanayooza, anatikisika kidogo, anafika, anaandika katika ripoti kwamba barabara inapitika. Mama aliyekuwa juu ya maharagwe yale hana gari hiyo. Bei ya mzigo wake inapanda, na bei ya chumvi aliyotaka kurudi nayo inapanda pia. Kama wakubwa wangelazimishwa kusafiri mwezi mmoja kwa gari ndogo ya teksi, ile ya kawaida ya mjini, huenda mitaro ya barabara ya Sake ingechimbwa mbele ya mvua za Septemba, na si baada yake.

Mpaka hapo, mwenye kuchagua achague hivi. Kwa gari inayokaa mjini na kwenye barabara kuu, yenye garaji na mazutu safi karibu, ya sasa ni salama zaidi na inakula kidogo. Hakuna sababu ya kuikataa kwa mazoea tu. Kwa gari itakayolala Mweso na kuamka Mweso, 1HZ bado inauzwa mpya kwa nchi kama hizi na kwa mashirika ya misaada, na ndiyo ya kuagizwa, ikiwa na mikanda ya kufunga watu nyuma, machujio kumi na mawili, na ule mkanda wa mpira wa akiba, uliofungwa kwenye plastiki, uwekwe chini ya kiti cha shofa.