Marufuku ya kolistini China ni somo kwa wafugaji

APRILI 30, 2017 China ilipiga marufuku kutia kolistini kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuikuza haraka. Biashara iliyoguswa haikuwa ndogo. Mwaka 2015 mchanganyiko wa dawa hiyo uliozalishwa nchini humo ulifikia tani 27,170, na mauzo yake dola za Marekani milioni 71.5, yaani wastani wa dola 2.6 tu kwa kilo.

Kilichosababisha uamuzi huo ni ugunduzi uliotangazwa Novemba 2015. Watafiti walikuta katika bakteria wa nguruwe kutoka shamba moja la Shanghai jeni iliyopewa jina la mcr-1, inayomfanya bakteria asiuawe na kolistini. Dawa hiyo ni ya zamani na huweza kudhuru figo, lakini hospitalini imebaki kuwa kimbilio la mwisho dawa nyingine zinaposhindwa.

Usugu wa kolistini ulikuwa ukijulikana kabla ya hapo, ila ulirithiwa na kizazi cha bakteria huyo huyo tu. Jeni ya mcr-1 ilikuwa ndani ya plasmidi, pete ndogo ya vinasaba iliyo nje ya kromosomu. Bakteria hutoa nakala ya pete hiyo na kumpa jirani yake, hata asiye wa jamii yake. Hivyo bakteria wa utumbo wa nguruwe anaweza kumgawia usugu yule anayeambukiza wagonjwa.

Vipimo vya mwaka 2011 hadi 2014 vilionyesha jeni hiyo katika wanyama 166 kati ya 804, sampuli za nyama mbichi 78 kati ya 523, na sampuli za wagonjwa 16 kati ya 1,322. Wakati huo China haikuwa ikiwatibu watu kwa kolistini. Dalili ni kwamba usugu ulianzia bandani.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kiuchumi. Faida ya nguruwe kukua haraka ilikwenda kwa mfugaji na muuza dawa, lakini gharama iliangukia wagonjwa na hospitali. Bei ya dola 2.6 haikuwa na hesabu hiyo ndani yake, na soko lenyewe lisingeirekebisha.

Marufuku ilizaa matunda. Uzalishaji ulishuka hadi tani 2,497 mwaka 2018. Bakteria wa E. coli sugu kwa kolistini katika nguruwe walipungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015-16 hadi asilimia 5.1 mwaka 2017-18. Hata hivyo jeni haikutoweka, na ilishaonekana katika nchi nyingi duniani.

Kwa Afrika Mashariki, ambako mfugaji wa kuku huweza kununua oksitetrasaiklini dukani bila cheti cha daktari, somo liko wazi. Plasmidi moja huweza kubeba jeni za usugu wa dawa kadhaa, hivyo kutumia ovyo dawa moja kunaweza kulinda usugu wa nyingine. Chanjo, banda safi na kuku wasiosongamana vina gharama, lakini mfugaji hulipa mwenyewe na faida huiona mwenyewe. Deni la usugu hulipwa na mgonjwa ambaye pengine hajawahi kufuga hata kuku mmoja.