Kumwona Tembo na Kumtazama

Husemwa mara nyingi vyuoni kwamba ziara ni somo. Sisi twaona kauli hiyo ni nusu ya ukweli: ziara huwa somo pale tu mwalimu alipoiandalia.

Tuliwahi kufuatana na wanafunzi wa darasa la tano kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya Morogoro na Iringa hupita ndani yake. Watoto walipiga kelele, "Tembo!" Basi likasimama dakika tatu, kisha tukakimbilia twiga, nyati na viboko. Kesho yake tuliwapa insha. Karibu wote waliandika kwamba tembo ni mnyama mkubwa mwenye mkonga. Hayo waliyajua kabla ya kupanda basi. Kosa halikuwa lao, bali letu.

Laiti tungalikaa saa nzima mbele ya kundi moja, na kila kikundi cha watoto kikapewa swali lake. Nani analiongoza kundi? Wangaligundua kuwa ni jike mkongwe, wala si dume. Ndama hukaa wapi kundi linaposhtuka? Masikio hupepea zaidi kivulini au juani? Majibu hayo mtoto huyapata kwa macho yake, na mwalimu humwongezea yasiyoonekana: kwamba jike huchukua mimba kwa miezi 22 hivi, na kwa hiyo tembo waliouawa hawarudi upesi. Hapo ndipo hesabu hupata uzito. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 110,000. Mwaka 2014 walikadiriwa kuwa 43,000 hivi, na sababu kubwa ilikuwa ujangili wa pembe.

Lipo na jambo jingine. Ndani ya basi lile mtoto mmoja alinyamaza safari nzima. Baadaye tulipata habari kuwa tembo walikwisha kula shamba la mahindi la babu yake kwa usiku mmoja. Yeye alimjua tembo kuliko sisi sote, wala hakuna aliyemwuliza. Mwalimu anayewasifu wanyama tu mbele ya mtoto kama huyo humfundisha kwamba shule haina habari na maisha yake. Yafaa azungumze yeye kwanza, ndipo darasa lijadili namna wakulima wanavyojikinga, kama vile kwa mizinga ya nyuki na kamba zilizopakwa pilipili. Hifadhi italindwa kesho na watoto hawa, au haitalindwa.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa shule zisizo na uwezo wa kukodi basi. Msivunjike moyo. Nyuma ya darasa pana kichuguu, na mchwa nao wana kazi, njia na maadui. Anzeni hapo, kwa maswali machache na muda wa kutosha. Mtoto asiyezoezwa kutazama kichuguu atapelekwa Mikumi, naye atarudi na insha ile ile.