Bunduki Iliwekwa Chini, Mshipi Ukabaki: Sheria, Vilabu na Fungu la Mwananchi

Pepo za kaskazi zinapotuliza bahari, mashua za uvuvi wa burudani hutoka Malindi, Watamu na Shimoni kuelekea maji ya kina, kufuata sulisuli, nduaro na jodari. Mashua hizo ni masalio ya utamaduni wa vilabu ambao zamani uliunganisha mshipi na bunduki: mwanachama yuleyule aliyewinda nyati bara ndiye aliyeteremka pwani kuvua. Leo nusu moja ya utamaduni huo inaruhusiwa nchini Kenya kwa leseni, na nusu ya pili ni kosa la jinai. Mgawanyiko huo haukutokea kwa bahati, na anayeuelewa husoma kwa wepesi zaidi matangazo ya serikali kuhusu wanyamapori na uvuvi, ambayo kwa kawaida hutolewa na ofisi mbili tofauti kana kwamba yanahusu mambo yasiyojuana.

Uwindaji wa leseni ulipata chombo chake mwaka 1934, wawindaji wa kulipwa walipounda chama chao cha Afrika Mashariki katika hoteli ya Norfolk jijini Nairobi. Katika miezi hiyohiyo mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa amemaliza safari yake ya uwindaji, akaenda kuvua bahari kuu akitokea Malindi. Kwa wageni na walowezi wa wakati huo, mambo hayo mawili yalikuwa burudani moja yenye silaha mbili.

Kwa wenyeji mambo hayakuwa hivyo. Waata wa maeneo ya nyuma ya pwani, waliowinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, na Wakamba waliokuwa na ustadi wa namna hiyo, walijikuta wakiitwa majangili kwa kazi ambayo babu zao waliifanya bila kumwomba mtu ruhusa. Leseni ilihitaji fedha na bunduki. Wao hawakuwa na fedha, na bunduki hawakuruhusiwa kuimiliki kwa urahisi. Baada ya Hifadhi ya Tsavo kuundwa mwaka 1948, na hasa katika msako mkali wa miaka ya 1956 na 1957, wengi wao walifungwa.

Utawala wa kikoloni wenyewe ulitambua kasoro hiyo. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa Tsavo, ili Waata waajiriwe kuvuna idadi maalumu ya wanyama kihalali, nyama na pembe ziuzwe, na mapato yarudi kwa mradi na watu wake. Mpango huo haukudumu hata muongo mmoja. Hata hivyo, swali ulilouliza halijazikwa: mnyama anayeishi mlangoni pa mtu humletea mtu huyo nini, zaidi ya hasara?

Mnamo Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji kupitia Tangazo la Kisheria Nambari 120. Chama cha wawindaji kikavunjwa mwaka huohuo. Tanzania ilikuwa imefunga uwindaji mwaka 1973, lakini ikaufungua tena mwaka 1978; ndiyo maana hadi leo mtu anayevuka mpaka wa Namanga hupita kutoka nchi ambamo uwindaji wa kitalii ni sekta yenye vitalu na ada hadi nchi ambamo haupo kabisa. Kila nchi ina hoja zake, na si haki kupima uamuzi wa mmoja kwa mizani ya mwenziwe.

Marufuku ya Kenya hayakuwaokoa ndovu mara moja. Walikuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamepungua hadi chini ya 20,000. Walioondolewa na tangazo la mwaka 1977 ni wenye leseni, lakini jangili hakuwa nayo tangu mwanzo. Hali ilianza kubadilika baada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuundwa, Rais Daniel arap Moi kuchoma tani 12 za pembe mwezi Julai 1989, na biashara ya kimataifa ya pembe kupigwa marufuku mwaka huo. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280.

Mlango wa uwindaji uligongwa tena. Mwezi Desemba 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao ungelegeza marufuku hayo, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Uvunaji wa majaribio wa swara na punda milia katika mashamba ya watu binafsi, ulioanza mapema katika miaka ya 1990, ulikuwa umesitishwa mwaka 2003. Kisha ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyofunga hata ule upenyo mdogo uliobaki wa kuwinda ndege kama kanga na kwale kwa burudani. Tangu hapo, mwenye bunduki halali na cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha anaweza kulenga shabaha katika uwanja ulioidhinishwa, lakini cheti hicho hakimpi haki ya kuelekeza mtutu kwa mnyama yeyote kwa ajili ya burudani. Jambo hili bado huwatatiza baadhi ya wenye silaha, hasa wanaotoka katika familia zilizozoea kuwinda ndege mashambani.

Wanaotaka uwindaji urejeshwe wana takwimu moja nzito upande wao, na haifai kuipuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977, yaani katika kipindi chote cha marufuku. Hata hivyo, utafiti huohuo unataja ongezeko la watu na mifugo, kugawanywa kwa ardhi, uzio na ukame. Leseni ya uwindaji haiondoi uzio. Kinachoweza kuuondoa ni mwenye shamba kuona faida ya kuuacha wazi, na hapo ndipo hifadhi za jamii, ambazo sasa ni zaidi ya 160 nchini, zinapobeba mzigo ambao zamani vilabu vya uwindaji vilidai kuubeba.

Mshipi ulisalimika kwa sababu rahisi: samaki aliyenaswa anaweza kurudishwa akiwa hai. Bara, uvuvi wa ndoana ulianza na samaki aina ya trauti, waliotolewa Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Kituo cha serikali cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948 kuzalisha vifaranga wa kujaza mito hiyo. Leo vifaranga wake huwafikia pia wakulima wenye mabwawa, na pengine hiyo ndiyo faida kubwa zaidi iliyotoka katika mchezo wa watu wachache.

Pwani, vilabu vimekwenda hatua nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wavuvi wa burudani wamekuwa wakiwafunga sulisuli na nduaro alama ndogo yenye nambari, kuandika tarehe, mahali na makadirio ya uzito, kisha kuwaachilia. Samaki huyo akinaswa tena, hata na mvuvi wa nchi nyingine, nambari hueleza alikopita. Kwa samaki wahamaji wasiojua mipaka ya nchi, kumbukumbu hizo ni mali ya umma, ingawa hukusanywa kwa gharama ya watu binafsi. Kazi yenyewe hufanywa na manahodha na mabaharia wenyeji. Mgeni hushika ufito, lakini anayejua mkondo, kina na tabia ya samaki ni kijana wa Malindi au Vanga.

Palepale ndipo lilipo suala la haki. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku nyavu za kukokota na bunduki za mkuki za kuvulia chini ya maji, kwa kuwa zinaharibu matumbawe na kumaliza samaki wachanga. Kwa upande wa uhifadhi uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini bunduki ya mkuki ni chombo cha asiye na mashua: kijana mwenye miwani ya maji na kipande cha chuma. Yeye amezuiwa, na mashua yenye injini mbili imepewa leseni. Mwananchi anayeuliza mbona hapaswi kujibiwa kwa kifungu cha sheria pekee.

Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, ambavyo husimamia bandari za samaki, husajili wavuvi na hukusanya ada pale samaki wanaposhushwa. Mashua ya klabu inayofunga kwenye gati ya hoteli haipiti kwenye banda hilo. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi, Nambari 35 ya mwaka 2016, inatambua uvuvi wa burudani na pia vikundi hivyo; kazi iliyobaki ni ya serikali za kaunti za Kilifi na Kwale, vilabu na BMU kukubaliana jinsi sehemu ya mapato ya msimu wa kaskazi itakavyofika ufuoni, iwe kwa ada, kwa nafasi za mafunzo ya unahodha, au kwa mikopo ya mashua kwa wale waliokabidhi bunduki zao za mkuki.

Kwa sasa, anayetaka kuvua kwa burudani, baharini au mitoni, anahitaji leseni. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, uvuvi wowote umekatazwa, uwe wa klabu au wa ngalawa. Naye aliyejeruhiwa na mnyama nchi kavu, au familia ya aliyeuawa, hufikisha dai lake kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine.