KABLA HUJANYOOSHA MKONO MNADANI



Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu kidogo. Naomba uisome mpaka mwisho, hasa wewe ambaye una akiba yako ya halali na umeanza kufuatilia matangazo ya nyumba za minada. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si vizuri mtu kuwanyooshea wengine kidole na lake akalificha.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa msikitini kwetu hapa Dar es Salaam alinisubiri kwenye viatu. Akaniambia, "Ustadh, kesho kuna nyumba inapigwa mnada. Mwenyewe kashindwa mkopo. Mtaani inathaminiwa milioni 120, ila wanasema itatoka kwa 70. Niombee dua." Mimi kwa haraka zangu nikamwambia, mnada ni biashara halali, nenda na bismillah. Sikumuuliza ni nyumba ya nani, ndani wanaishi kina nani, wala pesa anazo zote mkononi. Nikamwombea dua, nikaenda kula.

Akaenda, akashinda. Nyumba ikagongwa kwa milioni 70. Masharti yalikuwa kama yalivyo katika minada mingi: asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14, ukishindwa unapoteza ulichotoa. Akatoa milioni 17 na nusu. Akiba yake yote ilikuwa milioni 30. Sasa anadaiwa milioni 52 na nusu, mfukoni ana 12 na nusu, na siku zinahesabika. Unajua alifanya nini? Alikwenda kukopa milioni 40 kwa riba. Mtu aliyeingia mnadani kununua nyumba iliyouzwa kwa sababu ya mkopo wa riba, akatoka na mkopo wa riba wa kwake. Laa hawla walaa quwwata illa billah.

Halafu akaenda kuiona nyumba yake. Akafunguliwa mlango na mama mtu mzima, ana tasbihi mkononi. Akampa salamu, akamwonyesha karatasi. Yule mama akaitazama, akamuuliza, "Mwanangu, kwa hiyo na mimi umeninunua?"

Nyumba ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Mirathi haikuwahi kugawanywa. Mtoto mkubwa alikuwa amebadilisha hati ikasoma jina lake, akaiweka rehani, biashara ikaanguka. Mama na mabinti wawili hawakujua lolote mpaka gari la matangazo lilipopita mtaani na kipaza sauti. Wakaenda mahakamani, zuio likatoka, kesi mpaka leo haijaisha. Kijana wetu bado amepanga chumba Tandika, kila mwezi anakatwa marejesho ya nyumba ambayo hajalala ndani yake hata usiku mmoja.

Mimi ndiye niliyemwambia nenda na bismillah. Ndiyo maana naandika.

*MNADA WENYEWE UNA HUKUMU GANI?*

Asili ya mnada ni halali. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi kisa cha Ansari mmoja fukara aliyekuja kuomba, na Mtume (s.a.w) akaagiza aletewe vitu vyake vichache vya nyumbani, tandiko na bakuli, akavinadi mbele ya Maswahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Wanavyuoni wamezungumza kuhusu isnadi yake, lakini uhalali wa kuuza kwa kuzidishiana bei unajulikana kwa wanavyuoni walio wengi.

Sasa kizingatie kisa hicho. Mnada ule ulikuwa kwa faida ya nani? Ya mwenye mali. Bei ilipandishwa ili yeye apate zaidi, akanunulie watu wake chakula na ajinunulie shoka, akajitegemee. Sisi leo tunakwenda mnadani tukiomba dua bei ishuke, mwenye mali atoke mikono mitupu. Jina ni moja, mnada, lakini nyoyo zimepishana mbali.

Vilevile sheria yetu inakubali mali ya mdaiwa kuuzwa ili wenye haki walipwe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu pwani hii tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba hata nyumba anayoishi mdaiwa aliyefilisika huuzwa. Madhehebu ya Imam Ahmad yanamwachia nyumba anayoihitaji. Kwa hiyo asije mtu akasema Ustadh kaharamisha minada. Sijaharamisha. Ninachosema ni kwamba nyumba ya mnada ina mitego, mingine ya dunia na mingine ya akhera, na watu wengi wanaitazama bei peke yake.

*MTEGO WA KWANZA: HUJUI UNACHONUNUA*

Nyumba ya kawaida unaingia, unafungua bomba, unatazama dari, unaongea na mwenyewe. Ya mnada mara nyingi unaiona kwa nje ya geti. Inauzwa jinsi ilivyo, pamoja na watu waliomo, pamoja na madeni ya pango la ardhi, pamoja na ugomvi wa mpaka na jirani. Kuwatoa waliomo ni kazi yako wewe, kwa gharama yako. Mtume (s.a.w) amekataza biashara ya gharari, yaani biashara ya kubahatisha ambayo mtu hajui anachopata. Wewe mwenyewe jipime, kununua nyumba ambayo hujakanyaga sebule yake kuna umbali gani na gharari?

*MTEGO WA PILI: HAKI ZA WATU WASIOTAJWA KWENYE HATI*

Hati ina jina moja. Nyumba ina watu. Kuna mke, kuna mayatima, kuna warithi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Sura ya 113, inataka ridhaa ya mwenza wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ni mara ngapi tumesikia mke anagundua mkopo siku ya mnada? Na nyumba za mirathi isiyogawanywa ndizo balaa zaidi. Ndugu mmoja anashika hati, wengine wanamwamini, kumbe ameshaipeleka benki.

Utaniambia, "Ustadh, sheria inamlinda mnunuzi." Ni kweli. Sheria hiyohiyo inamlinda aliyenunua kwa nia njema, na mara nyingi aliyedhulumiwa huambiwa akadai fidia kwa aliyemuuzia. Lakini wewe ni Muislamu. Katika hadithi ya Ummu Salama iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na mtu akipewa kwa hukumu hiyo kitu ambacho ni haki ya nduguye, ajue amekatiwa kipande cha moto. Huyo ni Mtume anahukumu, sembuse hakimu wetu! Hukumu ya mahakama inaweza kukupa funguo. Dhimma yako mbele ya Allah haifunguliwi na funguo hizo, ikiwa unajua moyoni kwamba pana mtu amedhulumiwa.

*MTEGO WA TATU: BEI YA KUTUPA*

Watu wanadhani bei ikiwa chini sana ndiyo bahati. Sheria inamtaka mkopeshaji anayeuza atafute bei bora inayoweza kupatikana. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba hakutimiza wajibu huo, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Piga hesabu: nyumba ya milioni 120, robo yake ni 30. Kwa hiyo ikiuzwa kwa milioni 90 au chini, tayari umeshika kitu ambacho mwenyewe ana sababu ya kukishtakia. Kijana wetu alinunua kwa 70, akajiona mjanja, kumbe alinunua nyumba na kesi ndani yake.

Na hapohapo kuna najsh. Watu wanapangwa mnadani, mmoja anapandisha bei na hana nia ya kununua, ili wewe upandishe zaidi. Au kinyume chake, wanunuzi wanakubaliana nje wasishindane, nyumba iende kwa bei ya karanga, kisha wagawane. Najsh imekatazwa waziwazi katika hadithi sahihi. Na hiyo ya kula njama ili bei ishuke ni kumla mdaiwa akiwa hai. Ukialikwa kwenye mpango kama huo, geuza viatu urudi nyumbani.

*MTEGO WA NNE: SIKU 14*

Usiingie mnadani na robo ya pesa ukitegemea kwamba Allah atafungua mlango. Tawakkul si hivyo. Muda ule umewapeleka wengi kwenye riba. Kama pesa yote huna mkononi, kaa nyumbani.

*NA DENI LENYEWE LILIKUWA LA RIBA*

Hili mnaliuliza sana. Rai yangu ni hii, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Aliyekopa anadaiwa rasilmali, hiyo ni haki ya watu na lazima ilipwe. Kilichozidi hapo ni riba, na Suratul Baqara aya ya 279 inampa mkopeshaji rasilmali yake tu. Kisha aya ya 280 inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Kwa hiyo ukijua kwamba mtu kashalipa alichokopa, na kinachomtoa ndani ya nyumba ni riba iliyolimbikizwa, mimi nakushauri usinyooshe mkono. Sisemi mkataba wako ni batili. Nasema usiwe wewe uliyekamilisha dhulma hiyo.

*SASA TUFANYE NINI?*

Kama umeamua kununua, fanya haya kabla ya siku ya mnada:

1. Nenda kwenye nyumba. Piga hodi, toa salamu, ongea na waliomo. Ukiona aibu kuwatazama usoni kabla ya kununua, utawatazamaje baada ya kununua?

2. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani. Wao wanajua nyumba ni ya nani, nani amefariki, nani anagombana na nani.

3. Kagua hati kwa Msajili wa Hati, uone imesajiliwa kwa jina gani, ilibadilishwa lini, ina rehani ngapi.

4. Omba kuona taarifa ya siku 60 ambayo mkopaji anapaswa kupewa kwanza, na uhakikishe tangazo la mnada limetoka si chini ya siku 14 kabla. Uliza kama mwenza alisaini. Uliza kama kuna kesi. Mlipe wakili akuangalizie, ni nafuu kuliko majuto.

5. Swali istikhara, kisha ukiona shaka, acha. Nyumba zipo nyingi.

Na kuna njia bora kuliko zote hizi, ambayo wengi hawaifikirii. *Mnunulie mwenyewe mkononi mwake kabla ya mnada.* Mfuate mdaiwa, mfuateni benki kwa pamoja, mkubaliane bei ya haki, deni lilipwe, kinachobaki apewe yeye. Wewe unapata nyumba safi, unaoneshwa kila chumba, unakabidhiwa funguo kwa mkono wa kulia. Yeye anapata cha kuanzia maisha. Suratun Nisaa aya ya 29 imejenga biashara juu ya kuridhiana. Hapo ndipo pana baraka.

*NENO KWA WAKOPAJI*

Na wewe unayekopa usijifiche nyuma ya darsa hii. Mwenye uwezo wa kulipa akachelewesha makusudi, Mtume (s.a.w) amemwita dhalimu. Na usichukue nyumba ya mama yako ukaiweka rehani kwa biashara ya ndotoni. Gaweni mirathi mapema, kila mtu ajue chake. Kuchelewesha mirathi ndiko kunakozaa nusu ya mikasa hii.

*NENO LA MWISHO*

Baada ya lile tukio nilijiuliza swali ambalo bado linanisumbua. Katika safu zetu za sala, likitoka tangazo la mnada, utapata watu watano wenye milioni 70. Lakini mwezi mmoja kabla, mdaiwa yuleyule alisimama safu ileile akihitaji milioni 15 asipoteze nyumba, na hatukumwona. Allah amewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka, Suratut Tawba aya ya 60. Tuna zaka, tuna matajiri, tuna uwezo wa qardhul hasana. Kamati za misikiti zikae zilifikirie hili. Nyumba ya Muislamu isiwe habari kwetu siku ya nyundo tu.

Yule kijana na yule mama, tunajaribu kuwakalisha kwenye sulhu. Mtoto mkubwa sasa anapokea simu, alhamdulillah, mwanzo alikuwa hapokei. Waombeeni. Nami niombeeni msamaha kwa jibu nililolitoa nikiwa nimesimama kwenye viatu, nina haraka ya kwenda kula.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, walipie wenye madeni madeni yao, na usitujaalie tukajenga furaha yetu juu ya machozi ya wenzetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako, huenda kesho ana mnada.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.