Ziara ya Siku Moja kwa Wafinyanzi

Wengi wetu tunaofundisha Njombe na Makambako tulivijua vyungu vya Wakisi kabla ya kuwajua wafinyanzi wenyewe. Ili kuondoa upungufu huo, tuliwachukua wanachuo wetu kwa ziara ya siku moja hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa. Tuliondoka kabla ya alfajiri, tukarudi usiku.

Huko ufinyanzi ni kazi ya akina mama. Hawatumii gurudumu, chungu hujengwa kwa mikono, kisha husuguliwa kwa kokoto laini mpaka king'ae. Siku ile tuliona kusugua tu. Udongo ulikwisha kuchimbwa, na siku ya kuchoma ilikuwa bado.

Hata hivyo, tulipokusanya taarifa za wanachuo, karibu zote zilieleza kila hatua, tangu kuchimba hadi kuchoma, kana kwamba wameziona. Walikuwa wamenakili maelezo tuliyowapa kabla ya safari. Kosa hilo ni letu sisi wakufunzi: tuliwapa majibu kabla hawajauliza.

Ni mmoja tu aliyeandika jambo ambalo halikuwamo katika maelezo yetu. Alimwuliza mama mmoja kwa nini vyungu vibichi viko kivulini hali jua lipo. Mama hakujibu kwa maneno; alimtilia mkononi kigae cha chungu kilichopasuka. Mwanachuo akafikiri, akatambua kwamba jua hukausha sehemu moja upesi, ikasinyaa ilhali nyingine ingali mbichi, na hapo ndipo ufa huanzia. Hilo ni somo kamili la sayansi, tena limefundishwa kwa ustadi unaotupita.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya mkufunzi yafuate ziara, yasiitangulie. Pili, kila mwanachuo aandike alichokiona, na asichokiona akiri kuwa hakukiona. Tatu, mfinyanzi alipwe kwa muda wake, kwani siku hiyo ndiye mwalimu. Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Tusimpokonye hata gae hilo.

Tangu mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuunganishe darasa na kazi. Muungano huo hauletwi na gari la kukodi. Mwalimu aliyezoea kuandika asichokiona atawazoeza watoto vivyo hivyo, na ufa huo hauzibiki baada ya chungu kuchomwa.