Baiskeli ya Hija: Kukodi Ni Bora Kuliko Kununua

Miongoni mwa njia za hija zilizodumu katika Ulaya ya Wakristo, ni chache zilizo mashuhuri kama ile iendayo Santiago de Compostela, mji wa Galicia katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uhispania, ambako, kwa itikadi iliyorithiwa tangu karne ya 9, limo kaburi la Mtume Yakobo. Wengi huiendea kwa miguu, na Mkatoliki wa Kenya, Tanzania au Uganda, aliyezoea kuwaona mahujaji wakishika njia ya Namugongo kila inapokaribia Juni 3, hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu mzima huacha gari na kutembea siku nyingi kwa ajili ya ibada. Wapo pia waiendeao kwa baiskeli. Na yeyote anayenuia hivyo, awe anaishi Ulaya au anatoka huku kwa ndege, hukabiliwa kwanza na swali la mali: anunue baiskeli, au aikodi? Rai yangu ni kwamba akodi, na kwamba kununua amwachie yule tu ambaye baiskeli hiyo itakuwa na kazi ya kumfanyia baada ya hija kwisha.

Shauri la chombo hutokana na hali ya njia. Njia ya Kifaransa, ipitwayo na watu wengi kuliko nyingine zote, aghalabu huanzwa Saint-Jean-Pied-de-Port, chini ya milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa. Ikavuka mpaka na kushuka Roncesvalles, ikapita Pamplona, Logroño, Burgos na León, ikakwea hadi Cruz de Ferro, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ikakwea tena O Cebreiro, ndipo iteremke katika mabonde ya Galicia. Jumla yake ni kilomita 780 hivi, na mpanda baiskeli aendaye kilomita 60 kwa siku huimaliza kwa siku 13. Asiyekuwa na wasaa huo aweza kuanzia Ponferrada, maana mpanda baiskeli hupewa cheti cha Compostela akiwa amekamilisha kilomita 200 za mwisho na hati yake ya hija imepigwa mihuri njiani, ilhali aendaye kwa miguu hutakiwa kukamilisha 100 tu.

Hii ni safari ya kwenda upande mmoja, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mwenye kununua hufika mbele ya kanisa kuu la Santiago akiwa amemaliza hija, kumbe hajamalizana na baiskeli. Atafute katoni, afungue pedeli, ageuze usukani, alipe shirika la ndege. Na kama anakwenda kwa garimoshi, ajue kwamba yale ya kasi hayaipokei baiskeli isipokuwa imekunjwa au kufunguliwa na kufungashwa. Akifika Nairobi au Dar es Salaam, huenda afisa wa forodha naye akataka kuyajua yaliyomo katonini na thamani yake. Kadhalika bei iliyobandikwa dukani haikutaja keria, mifuko ya pembeni, taa, kufuli, pampu wala tyubu ya akiba. Wala upya wa baiskeli si dhamana ya salama, kwani nyaya mpya hulegea katika siku za mwanzo, giya zikaanza kuruka, na siku hizo za mwanzo, kwa aanziaye Saint-Jean, ndizo siku za mlima.

Mwenye kukodi hupunguziwa sehemu kubwa ya taabu hizo. Biashara ya ijara imezoeleka katika njia hii: baiskeli hupelekwa katika mji ambako mteja anaanzia, ikiwa na keria na vifaa vya dharura, na hurudishwa Santiago kwa wakala wa kampuni. Hapa, hata hivyo, ndipo hadhari inapotakiwa, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Msafiri na ausome mkataba kabla ya kutia sahihi, ajue ni nani alipaye baiskeli ikiibwa, bima inafikia wapi, atapigia nani simu mnyororo ukikatika mbali na mji, na fedha za dhamana zitarejeshwa lini. Na aipige baiskeli picha pande zote mbili mbele ya mwenyewe, kila mkwaruzo uonekane, ili siku ya kuirudisha pasiwe na neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Kisha asiondoke papo hapo. Apakie mifuko yake yote, uzito ule ule atakaosafiri nao, aende nayo nusu saa mjini, apande kilima na kukiteremka, maana baiskeli tupu na baiskeli iliyopakiwa ni viumbe wawili. Ashike breki kwa utaratibu kwanza: Uhispania, kama sehemu nyingi za bara la Ulaya, breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto, na mtu aliyelelewa na baiskeli za desturi ya Kiingereza, ambazo breki ya mbele iko mkono wa kulia, aweza kubinya vibaya katika mteremko wa mawe wa Alto del Perdón, karibu na Pamplona, akarushwa mbele kabla hajafahamu kosa ni nini. Akumbuke kwamba huko huendeshwa upande wa kulia wa barabara, na kwamba nje ya miji sheria humtaka avae kofia ngumu. Ajifunze pia kuziba pancha. Sisi tumezoea fundi chini ya mwembe, na karai lake la maji na viraka vyake. Lakini ukitoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza kuna kilomita 17 za uwanda mtupu, hakuna kijiji sembuse fundi.

Najua atakayenijibu kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba hujaji wa kweli hujali nia kuliko chuma. Methali hiyo naiheshimu, na naona inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia yeye. Anayetembea madukani mwezi mzima akilinganisha rangi na majina ya watengenezaji ndiye achaguaye jembe. Mwenye kukodi hupokea kifaa kinachofaa, akakihakiki, akaanza kazi. Tena chombo cha ijara ni amana: humlazimu mtu kukitunza, kukifuta matope jioni na kukirudisha kilivyokuwa, na sioni adabu inayomfaa mgeni katika nchi ya watu kuliko hiyo. Kitu kimoja tu ningemshauri aje nacho kutoka nyumbani, nacho ni kiti alichokizoea, maana mwili haubadilishi mazoea yake kwa siku 13, na maumivu ya kiti kigeni yamewavunja moyo watu ambao milima haikuwaweza.

Nani basi anunue? Anunue yule aishiye Ulaya ambaye ataipanda baiskeli hiyo kwenda kazini mvua na jua, au atakaye kuanza hija mlangoni pake na kuivuka nchi mpaka Uhispania. Huyo na ainunue miezi kadhaa kabla, aizoee, aipeleke kwa fundi mara nyaya zinapolegea, aipakie na kuijaribu. Kununua wiki ya kuondoka, kwa bei rahisi, kwa azma ya kuitupa Santiago, ni israfu ambayo haifanani na hija.

Vyovyote atakavyoamua, asidhani kwamba baiskeli itampa kipaumbele. Katika hosteli nyingi za mahujaji, wenye miguu hupewa vitanda kwanza, na mwenye magurudumu husubiri mpaka jioni. Na hiyo ni haki, kwa kuwa aliyekosa kitanda aweza kuendesha kilomita nyingine kumi, na mwenye malengelenge hawezi. Kwenye njia nyembamba apige kengele mapema, apunguze mwendo, asalimu, apite.

Mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Julai 25, inaangukia Jumapili, na kwa kanuni ya kale mwaka wa namna hiyo huwa mtakatifu, watu wakamiminika Santiago kuliko kawaida. Wenye kunuia kwenda mwaka huo waandikishe baiskeli zao mapema, wadai mkataba wa maandishi, na fedha watakayookoa kwa kutonunua waitumie kuongeza siku za safari, ili waianzie hija yao Saint-Jean badala ya Ponferrada.